Barua ya wazi kwa wakuu wa vitivo vya uhandisi: kisanduku tunachowafundisha vijana kuchora ni kidogo mno

Waheshimiwa wakuu wa vitivo, wenyeviti wa idara, na ninyi wa Bodi ya Wahandisi wa Kenya mnaoidhinisha kozi zetu,

Baada ya salamu na heshima, mimi ni mhandisi wa kemikali, na nawaandikia kuomba mradi wa mwisho wa wanafunzi ufanywe na timu za fani mchanganyiko. Naomba nianze na kisima.

Kiko upande wa Likoni, katika uwanja wa kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja jina. Maji yake yana chumvi, kama visima vingi vya pwani hii. Ardhi yetu ni ya matumbawe, imejaa vitundu, na tukivuta maji matamu kupita kiasi bahari hujongea chini kwa chini kuziba pengo. Wafadhili wakaleta mtambo wa kuondoa chumvi, ule unaosukuma maji kwa nguvu kupitia utando unaopitisha maji na kuizuia chumvi. Siku ya kuuzindua watu walikunywa wakasifu. Nilipoitwa kuutazama ulikuwa umenyamaza karibu mwaka mzima, na kina mama waliokuja kliniki walibeba maji yao ya kunywa kutoka nyumbani.

Nilifungua kifuniko cha silinda moja nikauvuta utando nje. Ulikuwa mzito kuliko kawaida. Juu yake palikuwa na magamba meupe, kama yale yanayoshika ndani ya birika la chai kwenye nyumba zinazotumia maji ya kisima. Nikayakwangua kwa ukucha, nikaweka unga wake kwenye kifuniko cha chupa, nikamwomba mpishi wa kituo anigee siki kidogo. Tone la kwanza tu, povu. Ilikuwa chokaa, na hilo halikunishangaza, maana maji yanayopita kwenye matumbawe hubeba chokaa. Lililonishangaza ni jinsi mtambo ulivyoachwa ukafikia hapo, kwa sababu kila anayeujua anajua kwamba ukizimwa lazima utando usuuzwe kwa maji safi kwanza.

Mlinzi ndiye aliyenieleza. Mota ya pampu ilikuwa ya fezi tatu, na laini ya umeme iliyofika pale ni ya fezi moja, isiyoweza kuiendesha peke yake. Kwa hiyo mtambo uliendeshwa kwa jenereta. Dizeli ikiwapo, unawashwa. Dizeli ikiisha katikati ya kazi, unazimika wenyewe, na maji yaliyojaa chokaa yanabaki yamelala juu ya utando hadi dizeli nyingine ije, pengine wiki mbili baadaye. Jenereta iliyokatika ghafla haimpi mtu nafasi ya kusuuza chochote.

Lakini hilo si baya zaidi. Nilizunguka nyuma ya chumba cha pampu kufuata bomba la maji yaliyokataliwa, yale yanayobaki na chumvi yote baada ya maji safi kutolewa. Bomba lilikwenda vizuri, limezikwa, limeungwa kitaalamu, likaishia kwenye shimo la kunyonya lililojengewa kokoto kwa ustadi. Kutoka shimo hilo hadi mdomo wa kisima nilihesabu hatua kumi na nne. Kumbe kila siku mtambo ulipofanya kazi, ulikuwa unakirudishia kisima chumvi ileile uliyoitoa, ikiwa imekolea. Daftari la vipimo lilionyesha wazi: kila mwezi maji ya kisima yaliongezeka chumvi, pampu ikahitaji kusukuma kwa nguvu zaidi, dizeli ikaliwa zaidi.

Niliomba faili la mradi. Lilikuwa na michoro minne ya watu wanne, na nawaambia kwa dhati, hakuna hata mmoja aliyekosea kazi yake. Mhandisi wa kemikali alipiga hesabu ya utando sawasawa, na upande wa kulia wa mchoro wake akaweka mshale unaotoka nje: "maji ya chumvi, kwenda mtaroni." Mhandisi wa ujenzi hakuona mtaro, akajenga shimo pale palipokuwa na nafasi. Mhandisi wa mitambo alichagua pampu nzuri. Wa umeme aliunganisha mota kama muuzaji alivyoelekeza. Wanne hao hawakuwahi kukaa meza moja hata siku moja. Mtambo ulikufa kwenye nafasi tupu kati ya karatasi moja na nyingine.

Niliinamisha kichwa, Waheshimiwa, kwa sababu mshale ule niliutambua. Niliwahi kuuchora mimi mwenyewe mwaka wa tano.

Kila aliyesomea fani yetu anakumbuka somo la mwanzo kabisa, la mizania ya masi. Unachora kisanduku kwa penseli kuzunguka mtambo, unahesabu kinachoingia na kinachotoka, na lazima vilingane. Lita 100 za maji ya chumvi zikiingia na lita 50 za maji safi zikitoka, basi lita 50 zilizobaki zina chumvi karibu mara mbili. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza. Na mwanafunzi huyohuyo, laiti angekiongeza kisanduku chake kikameza shimo na kisima, angeona kwa hesabu ileile kwamba mambo yanajizungusha na kisima kitaharibika. Hesabu haikuwa ngumu ila kisanduku kilikuwa kidogo. Na kinachompa kijana ukubwa wa kisanduku chake ni ule mradi mkubwa wa usanifu wa mwaka wa mwisho, ambao wengine tunauita projekti tu. Hiyo ndiyo kazi pekee katika miaka mitano inayomtaka abuni kitu kizima. Akiifanya ndani ya idara moja, na wenzake wa idara moja, chini ya mwalimu wa idara hiyohiyo, atatoka akiamini kwamba ukingo wa idara ndio ukingo wa mtambo.

Projekti yetu ilikuwa kiwanda cha asidi ya nitriki, tani 100 kwa siku. Tulikuwa wanne, sote darasa moja. Hakuna aliyetuambia kiwanda hicho kiko wapi. Tulihesabu kichocheo cha platini, tukahesabu mnara wa kunyonyea gesi hadi sahani ya mwisho, na kwenye sura ya umeme tukaandika aya moja. Kuhusu msingi wa mnara tuliandika kwamba "udongo unachukuliwa kuwa imara." Udongo wa wapi? Tulipata alama nzuri. Siwalaumu walimu wetu, walitufundisha kwa moyo na kwa uhaba, na mnara ule hadi leo naweza kuuhesabu usingizini. Lakini sikuwahi kuulizwa swali na mtu ambaye hakuwa mwanakemia, na swali la namna hiyo la kwanza nililiulizwa kazini na fundi wa kulehemu: "Mhandisi, hapa mkono wangu utapita wapi?"

Wapo watakaosema haya ni ya nchi maskini, ya mradi mdogo wa wafadhili. Nitawakumbusha Flixborough, Uingereza. Kiwanda kile kilitengeneza malighafi ya nailoni kwa kupitisha saikloheksani ya moto, kimiminika kinachoshika moto upesi, nyuzi 155 hivi, kwenye matangi sita yaliyopangwa kama ngazi, kila moja chini kidogo ya lililotangulia. Machi 1974 tangi la tano lilipatikana na ufa. Wakaamua kuliondoa na kuunganisha la nne na la sita kwa bomba la muda ili uzalishaji usisimame. Mhandisi wa mitambo wa kiwanda alikuwa ameondoka, nafasi yake haijajazwa, na waliobaki wakubwa walikuwa hodari wa kemia. Mchoro wa bomba lile waliuchora kwa chaki sakafuni mwa karakana. Kwa kuwa matangi hayakuwa usawa mmoja bomba lilibidi lipindwe, na hakuna aliyehesabu jinsi presha ingelisukuma pale kwenye pindo, wala viungo vyake vya kunyumbuka vingehimili nini. Jumamosi tarehe 1 Juni 1974 lilikatika, saikloheksani ikatoka ikalipuka. Watu 28 walikufa. Ingekuwa siku ya kazi ofisi zimejaa, tungetaja hesabu nyingine.

Walikuwa wasomi wale, na pesa walikuwa nazo. Aliyekosekana ni mtu mmoja wa fani nyingine wa kuuliza swali moja.

Na hapa kwetu tuna la kwetu, wala si mbali na ninapokaa. Owino Uhuru, Mikindani, watu waliishi ukuta kwa ukuta na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kupata madini ya risasi, ambayo ni sumu. Kemia ya tanuru lile ni rahisi, risasi yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu. Yaliyotoka kwenye bomba la moshi na mtaro wa maji ndiyo yaliyoingia kwenye damu za watoto. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa hapo, alisimama na wakazi hadi kiwanda kikafungwa 2014, na dunia ikamtambua kwa tuzo ya mazingira ya Goldman 2015. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya kesi kupanda na kushuka Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu hiyo Desemba 2024. Nikipita njia ile huwaza: kungekuwa na meza moja ambayo mhandisi wa tanuru ameketi na mtu wa afya ya umma, mtu wa mazingira na mwakilishi wa mtaa, kabla tofali la kwanza halijawekwa, kisanduku kingechorwa kuzunguka nyumba zile pia.

Fani yetu yenyewe ilizaliwa na malalamiko ya majirani. Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa na viwanda vya magadi vilivyotoa gesi ya asidi hidrokloriki hadi miti ikakauka. Bunge likapitisha sheria mwaka 1863, likaweka wakaguzi. Mmoja wa wakaguzi hao, George Davis, aliyeingia kiwanda hiki na kile akaona mambo yanavyofanana, ndiye aliyetoa mihadhara kumi na miwili Manchester mwaka 1887, na wengi wanauhesabu huo kuwa mwanzo wa uhandisi wa kemikali kama somo. Alikuwa mtu wa kuvuka mipaka ya viwanda. Sisi tumekuja kuijengea fani yake ukuta.

Wazee wetu hapa Mombasa hawakuhitaji kufundishwa haya darasani. Mjomba wangu alikuwa fundi wa vipimo kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta Changamwe, kilichofanya kazi tangu 1963 hadi kikaacha kusafisha mwaka 2013. Alinisimulia asubuhi za matengenezo makubwa: kibali cha kazi kinalazwa mezani, mtu wa mchakato anatia sahihi, wa umeme anatia sahihi, wa mitambo, wa usalama, na yeye wa vipimo. Kijana aliyetoka chuoni akijua kemia peke yake, baada ya matengenezo mawili alikuwa anajua flanji za kuungia mabomba, kebo na jukwaa. Mlango huo umefungwa. Leo kuna matangi ya kuhifadhia tu, na wanafunzi wengi wa Pwani humaliza masomo bila kuona kiwanda cha mchakato kikichemka. Shule iliyokuwa kazini haipo tena, basi lazima ije chuoni.

Ninachowaomba, Waheshimiwa, ni hiki. Kuanzia mwaka ujao wa masomo, kila kitivo chenye idara ya uhandisi wa kemikali kiwe na timu chache, hata tatu tu, za mradi wa mwisho zilizochanganywa: wawili wa kemikali, mmoja wa mitambo, mmoja wa umeme, mmoja wa ujenzi au mazingira, na mtu wa biashara kama chuo kinaye. Wapewe tatizo la kweli lenye mwenyewe, mtu mwenye jina na simu atakayesema "hili silitaki." Maji ya chumvi ya kituo cha afya. Mwani wa wakulima wa Kwale unaouzwa nje ukiwa umekaushwa tu. Maganda na vifuu vya nazi. Maji machungu yanayobaki baada ya chumvi kuvunwa mashambani Kilifi. Wasilete ripoti sita zilizobanwa pamoja. Walete mchoro mmoja wenye sahihi za wote, kama kile kibali cha mjomba.

Wenzetu walishaanza zamani. Chuo cha Harvey Mudd, California, tangu 1963 wanafunzi wake wa uhandisi hufanya kazi za wateja wa kweli kama sehemu ya masomo. Purdue, Indiana, tangu 1995 wana mpango unaounganisha wanafunzi wa fani mbalimbali kuhudumia jamii zinazowazunguka. Na ABET, wanaoidhinisha kozi za uhandisi Marekani, walipobadilisha vigezo vyao mwishoni mwa miaka ya 1990 waliandika wazi kwamba mhitimu lazima aweze kufanya kazi kwenye timu ya taaluma mchanganyiko. Sisemi tuige kila kitu, wao wana fedha tusizo nazo. Lakini jambo lenyewe halihitaji maabara mpya. Linahitaji ratiba.

Ratiba ndiyo inayoua. Nimezungumza na walimu kadhaa wanaolitamani jambo hili, na wote wanaishia palepale: Jumanne mchana kemikali wana maabara, Alhamisi mitambo wana karakana, na wanafunzi wanabaki kukutana usiku kwenye kibanda cha chai. Tengeni alasiri moja ya wiki, kitivo kizima, isiguswe na somo lolote. Hilo mkuu wa kitivo analiweza kwa kalamu yake.

La pili ni saa za mwalimu. Anayesimamia timu ya idara nyingine leo anahesabiwa kama anayejitolea. Msipomhesabia saa zake, ataacha, na atakuwa na haki.

Kisha alama. Najua hofu ya Bodi, kwamba kila mhitimu lazima apimwe yeye binafsi, na Sheria ya Wahandisi ya 2011 imewapa jukumu la kulinda kiwango. Ni hofu ya haki, maana kila kikundi kina yule anayebebwa. Mimi ningependekeza nusu ya alama iwe ya timu, na nusu ya mtu binafsi, kwa daftari lake la usanifu na kwa kuhojiwa ana kwa ana. Na mahojiano hayo yaendeshwe na mwalimu wa idara isiyo yake. Mwanakemia aulizwe na mtu wa umeme kwa nini mota ni ya fezi tatu. Akishindwa kujibu, basi hajamaliza. Bodi ikiandika sentensi moja tu kwenye masharti yake kwamba mradi wa namna hii unakubalika na unapendelewa, vyuo vingi vitasogea, kwa sababu wengi hawasogei kwa kuogopa kukataliwa siku ya ukaguzi.

Naijua pia hoja ya manahodha wengi. Lakini jahazi halijawahi kuwa na nahodha peke yake. Yuko wa usukani, wako wa tanga, yuko anayefua maji ngamani, na huyu wa ngamani akisema maji yamezidi, nahodha hamwambii kwamba hilo si somo lake. Timu ya wanafunzi itagombana, ndiyo. Heri wagombane juu ya karatasi wakiwa na miaka ishirini na mitatu, mwalimu akiwa karibu.

Msiwasahau pia vijana wa vyuo vya ufundi. Yule aliyeniuliza mkono wake utapita wapi alikuwa na cheti cha kulehemu, na swali lake lilinifanya nibadilishe mpangilio wa vali tatu.

Mimi binafsi najitolea alasiri moja kila wiki kwa mwaka mzima, bila malipo, kukaa na timu ya kwanza itakayoundwa na chuo chochote cha hapa Pwani. Nimeshazungumza na kituo kile cha afya, nao wamekubali mtambo wao uwe mradi wa kwanza: wapi maji ya chumvi yaende, umeme upi utumike, nani atausuuza utando saa jenereta inapozimika, na mtungi wa lita ishirini uuzwe bei gani ili dizeli au sola ijilipe. Utando ule wenye magamba ninao stoo, nimeufunga kwenye gunia, nitauleta. Daftari la vipimo liko kwa muuguzi mkuu. Ufunguo wa chumba cha pampu anao mlinzi wa zamu ya mchana, na anatusubiri.

Wenu katika kazi,
Mhandisi wa kemikali, Changamwe, Mombasa